Jinsi ya Kukosoa Picha Inayochanganya Kwenye Tangazo la Bidhaa ya Afya

"Kwenye tangazo yupo daktari, kwa hiyo hiyo ni dawa ya hospitali?" "Picha inaonyesha kitambi kimeisha kabisa, mbona mimi natumia na sioni kitu?" "Nikisema hadharani kuwa picha inapotosha, si watanishtaki?"

Maswali haya hayaishi. Yamejaa kwenye makundi ya familia ya WhatsApp, wanaulizwa walimu, wanaulizwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwandishi wa habari aliyepewa kazi yake ya kwanza ya kuchunguza matangazo huanza na hayo hayo. Mwongozo huu ni wa mtu asiye daktari wala mbunifu wa picha, anayetaka kuchukua tangazo moja, kulichambua, na kuandika ukosoaji ambao hata muuzaji atashindwa kuupuuza.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Maandishi ya matangazo haya huwa na woga: "husaidia", "huimarisha", "hurutubisha". Picha haina woga huo. Inaonyesha uvimbe umeyeyuka, mzee amesimama bila fimbo, ngozi imebadilika rangi. Lile ambalo muuzaji hathubutu kuliandika, analiacha lisemwe na picha. Kwa hiyo tutakosoa kile ambacho picha inamfanya mtazamaji aamini, hata kama hakuna neno moja la uongo lililoandikwa.

Andaa hivi kwanza

- Tangazo lenyewe, zima, si kipande chake.
- Boksi au chupa ya bidhaa. Kama huna, tafuta picha za pande zote za lebo.
- Simu yenye intaneti.
- Daftari na kalamu. Utaandika sana kabla ya kuchapisha chochote.
- Watu watatu au wanne ambao hawajaliona tangazo hilo. Mmoja awe mtu mzima asiyependa kusoma, au asiyejua kusoma kabisa.

Programu ya kuhariri picha huihitaji, na shahada huihitaji.

Katika hatua zote nitatumia bango moja la mfano, nililolitunga kutokana na yale yaliyozoeleka mitaani. Ni tangazo la chai ya mitishamba. Kushoto kuna figo nyeusi yenye madoa. Katikati kuna kikombe cha chai na mshale. Kulia kuna figo ya rangi ya waridi, inang'aa. Chini amesimama mwanamume mwenye koti jeupe, na kwenye kona kuna msalaba mwekundu. Maneno ni manne tu: "Husaidia afya ya figo."

1. Hifadhi tangazo zima kabla hujasema neno

Piga skrinishoti ya tangazo lote pamoja na maelezo yaliyo chini ya picha, jina la ukurasa, tarehe na namba ya simu iliyowekwa. Kama ni bango la barabarani, piga picha mbili: ya mbali, kama mpita njia anavyoliona, na ya karibu inayosomeka hadi maandishi madogo ya chini. Umbali una maana. Abiria aliyekaa dirishani kwenye daladala anaona sura, rangi na mshale. "Matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu" haioni kabisa, na ukosoaji wako lazima uzungumzie kile anachokiona yeye.

Kama tangazo limelipiwa Facebook au Instagram, litafute kwenye Maktaba ya Matangazo (Ad Library) ya Meta, kampuni inayomiliki mitandao hiyo. Iko wazi kwa yeyote, na mara nyingine utakuta ukurasa ule ule unauza bidhaa ile ile kwa picha tofauti kabisa.

*Kosa la kawaida:* kuanza kubishana chini ya tangazo kabla ya kulihifadhi. Likifutwa, huna ushahidi tena.

2. Funika maandishi, tazama picha peke yake

Ziba maneno kwa kidole au kipande cha karatasi, kisha andika unachokiona, bila kutafsiri. Kwenye bango letu utaandika: umbo la figo, jeusi, lina madoa, kikombe kinachotoa mvuke, mshale unaoelekea kulia, umbo la figo, la waridi, mwanamume, koti jeupe, mikono imekunjwa kifuani.

Usiandike "daktari". Humwoni daktari hapo, unamwona mtu aliyevaa koti jeupe. Watu wengi huteleza kwenye nukta hii, kwa sababu macho yameshamaliza kazi ambayo muuzaji aliwapa.

3. Geuza picha kuwa sentensi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi nzima. Andika: "Picha hii inaniambia kwamba…" kisha malizia. Kwa bango letu: "Picha hii inaniambia kwamba figo iliyoharibika ikipata chai hii inarudi kuwa nzima, na daktari anathibitisha." Soma sentensi hiyo kwa sauti, halafu soma tena yale maneno ya tangazo: "Husaidia afya ya figo." Pengo lililo kati ya sentensi hizo mbili ndilo utakaloliandikia.

Ili upate sentensi kamili, jua sarufi ya picha. Picha mbili zikikaa sambamba, mtazamaji anasoma "kabla" na "baada" hata kama hayakuandikwa. Mshale unasomwa "kinasababisha". Kitu kikubwa kinasomwa kuwa ndicho muhimu. Mpangilio nao hutegemea mtu amezoea kusoma upande gani: aliyekulia kwenye maandishi ya Kiarabu anaweza kuanzia kulia, na kama hakuna mshale, chai yetu kwake itakuwa imeiharibu figo iliyokuwa nzima.

Si kila picha inayochanganya imetengenezwa na mlaghai. Mfano unaoumiza zaidi unatoka Brazili, ambako thalidomide imeendelea kutumika kutibu matatizo ya ukoma. Dawa hiyo ikitumiwa na mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe na viungo visivyokamilika. Pakiti zikawekwa alama ya mwanamke mjamzito ndani ya duara lililokatwa kwa mstari. Waliochora walikusudia kusema: mjamzito asitumie. Wapo walioielewa: ukitumia hii hupati mimba, au inatoa mimba. Maana mbili zilizopingana, kwenye dawa ambayo kosa moja linabeba maisha yote ya mtoto.

Mfano mwingine uko kwenye televisheni tangu zamani: taulo za kike zinazomiminiwa maji ya buluu. Lengo lilikuwa staha, lakini msichana ambaye hajaelezwa chochote nyumbani anabaki hajui ile bidhaa ni ya nini na damu imeenda wapi. Mwaka 2017 kampuni ya Bodyform ya Uingereza ilitoa tangazo lenye kimiminika chekundu, na likazua mjadala mkubwa, jambo linaloonyesha jinsi macho yalivyokuwa yamezoea buluu.

Kuna na dawa ya meno. Tangazo linaonyesha mswaki umefunikwa kutoka ncha hadi ncha, na kilele kimejikunja juu. Sentensi ya picha: "Kipimo sahihi ni kujaza mswaki." Wataalamu wa meno wanashauri mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Arusha na Manyara kwa mfano, au Nakuru kwa upande wa Kenya, yana floraidi nyingi kiasi cha kuyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Mtoto wa huko, anayemeza nusu ya povu, hahitaji picha inayomfundisha kujaza mswaki.

4. Uliza wengine, usijiamini peke yako

Waonyeshe wale watu wako mmoja mmoja. Uliza maswali mawili tu: "Unaona nini?" na "Unadhani ukitumia hii itatokea nini?" Nyamaza. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

*Onyo:* usiulize "Je, picha hii inakuchanganya?" Ukiuliza hivyo umeshampa jibu, na adabu itamfanya akukubalie.

Usishangae wakitofautiana na wewe. Wanaotengeneza alama za tahadhari wana utaratibu wa kupima jambo hili: kiwango cha Marekani cha ANSI Z535 kinataka alama ieleweke na angalau watu 85 kati ya 100, na wanaoielewa kinyume, kwa namna inayoweza kuwadhuru, wasizidi 5. Wewe una watu wanne, huwezi kutoa asilimia, na usijaribu. Lakini mmoja wao akielewa jambo linaloweza kumdhuru, hilo peke yake linatosha kuliandikia.

5. Kagua vipande vya picha kimoja kimoja

*Koti jeupe.* Uliza: jina lake ni nani, amesajiliwa na baraza gani, na anasema nini hasa? Kama hakuna jina, koti hilo halithibitishi kitu. Ujanja huu una umri mrefu. Mwaka 1930 nchini Marekani, tangazo la sigara za Lucky Strike lilidai kwamba madaktari 20,679 wamesema sigara hizo haziwashi koo kama nyingine, na miaka ya 1940 Camel wakajaza magazeti picha za madaktari wenye makoti meupe. Koti lilikuwa jeupe vile vile.

*Kabla na baada.* Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa hiyo tulia. Kwenye matangazo ya mkorogo na krimu za kung'arisha, iache ngozi kwanza, tazama ukuta wa nyuma. Kama ukuta nao umekuwa mweupe zaidi kwenye picha ya pili, kilichobadilika ni mwanga au kamera. Tazama na weupe wa macho, meno, na rangi za kanga au blauzi. Kwenye matangazo ya kitambi, tazama mkanda wa suruali: kwenye picha ya kwanza umekaa chini ya tumbo, kwenye ya pili umepandishwa hadi juu ya kitovu. Mabega yamerudi nyuma, pumzi imevutwa, mwanga uliotoka pembeni na kuchora kila mkunjo sasa unatoka mbele na kuufuta. Picha hizo mbili zinaweza kupigwa asubuhi na mchana wa siku moja.

Halafu angalia nywele. Tangazo linasema miezi mitatu imepita, lakini misuko ni ile ile, mistari ile ile, na chini hakuna nywele zilizoota. Msuko hauwezi kukaa miezi mitatu bila kuonyesha umri wake. Yeyote aliyewahi kukaa kwa msusi atakuelewa bila maelezo ya ziada, na ukosoaji wa namna hii ndio unaowafikia watu.

Kwa mkorogo usiishie kwenye picha. Baadhi ya krimu hizi zina zebaki, ambayo hudhuru figo, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi wanachama kuachana na vipodozi vilivyoongezwa zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni ifikapo 2020. Picha nzuri ya "baada" inaficha swali hilo.

*Mchoro wa kiungo cha mwili.* Figo zinachuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na karibu yote yanarudishwa kwenye damu. Chai unayokunywa inapita tumboni na kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, ndipo figo zikutane nayo. Haimwagiki juu ya figo na kuzisugua. Tena ugonjwa sugu wa figo mara nyingi mwanzoni hauna dalili, na hautambuliwi kwa rangi nyeusi. Unatambuliwa kwa kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu na protini kwenye mkojo. Kwa hiyo ile figo yenye madoa inamfundisha mtazamaji mambo mawili yasiyo kweli: kwamba ugonjwa ni uchafu, na kwamba uchafu unaoshwa.

Ndugu wa mchoro huu ni plasta za kubandika nyayoni usiku, zinazoonyeshwa asubuhi zikiwa zimegeuka kahawia kwa "sumu". Nyingi zina unga wa siki ya miti, ambao hubadilika rangi ukipata unyevu. Chukua plasta mpya, ilaze kwenye sahani, idondoshee maji ya vuguvugu matone machache, isubiri. Itageuka kahawia bila mguu wa mtu yeyote. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani wauzaji wa plasta za Kinoki kwa madai ya namna hii. Kama unaandaa video ya kuelimisha, anza na jaribio hilo la sahani. Linaonekana, na mtu anaweza kulirudia nyumbani.

*Msalaba mwekundu.* Si pambo la afya. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Kwanza kinawakataza watu binafsi na kampuni kuitumia. Inamlinda mhudumu na majeruhi vitani. Kwenye tangazo la chai inamwambia mtazamaji kwamba kuna shirika la misaada nyuma yake. Anayetaka alama ya huduma ya kwanza atumie msalaba mweupe kwenye kijani.

*Jani la kijani.* Linasomwa "haina madhara". Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imetoa maonyo mengi kuhusu bidhaa zilizouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume na kukutwa na sildenafil, dawa iliyo kwenye Viagra, ndani yake, bila kuandikwa kwenye lebo. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kundi la naitreti akimeza mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka.

*Mtoto mnene anayecheka.* Kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga, picha hii haikubaliki kabisa chini ya Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981: lebo isiwe na picha ya mtoto mchanga wala picha inayoyatukuza maziwa hayo. Kenya ina sheria yake ya 2012, Tanzania ina kanuni zake. Ukiona picha hiyo, huna haja ya uchambuzi mrefu.

6. Tafuta picha imetoka wapi

Pitisha picha kwenye Google Lens, kisha TinEye, zana za bure za kutafuta picha imewahi kutumika wapi mtandaoni. Kata vipande: mtu peke yake, halafu mandhari peke yake. Ukimkuta "mgonjwa wetu wa Mbagala" anauza vidonge vya nywele kwa lugha nyingine, umemaliza kazi. Hifadhi viungo vya kurasa zote mbili.

Picha za akili mnemba (AI) ni ngumu zaidi. Angalia maandishi ya kitambulisho kilichoning'inia kifuani, masikio, hereni, vidole, na mirija ya stethoskopu kama inaishia mahali. Lakini usitegemee dalili hizi peke yake, kwa sababu kila toleo jipya la programu hizo linazipunguza. Salama zaidi ni kumdai muuzaji jina la daktari.

7. Linganisha sentensi yako na lebo na usajili

Rudi kwenye ile sentensi ya hatua ya 3. Je, lebo inaruhusu kusema hivyo? Tanzania Bara, dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vipodozi na chakula vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu, na viwango ni Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Tangazo la dawa kwa umma linatakiwa kuwa na kibali, kwa hiyo una haki ya kuuliza kibali hicho kiko wapi.

*Onyo:* namba ya usajili inakuambia bidhaa inajulikana kwa mamlaka na kwa matumizi gani. Haiwezi kuthibitisha kwamba picha ni ya kweli. Bidhaa halali inaweza kuwa na picha mbaya kabisa.

8. Andika ukosoaji kwa mambo manne

Kinachoonekana, kinachoeleweka, kinachojulikana, kinachopaswa kubadilishwa. Kwa mpangilio huo huo. Mfano:

"Bango linaonyesha figo nyeusi, kikombe cha chai na mshale, kisha figo inayong'aa. Tuliowaonyesha walielewa kuwa chai hii inatibu figo zilizoharibika, na mmoja alisema angemshauri mgonjwa aijaribu kabla ya kwenda hospitali. Lebo haidai tiba ya ugonjwa wowote, na ugonjwa wa figo hutambuliwa kwa vipimo vya damu na mkojo. Tunaomba figo zote mbili na mshale viondolewe, mtu mwenye koti jeupe atajwe jina na usajili wake au aondolewe, na msalaba mwekundu ufutwe."

Angalia kwamba hakuna neno "matapeli". Eleza picha inafanya nini, acha kukisia moyo wa muuzaji. Hilo linakupunguzia hatari ya kesi, na pia linampa mwenye nia njema nafasi ya kurekebisha. Lile jambo la nne, la marekebisho, watu hulisahau. Bila hilo, mbunifu wa tangazo anasoma lawama tu na hajui afanye nini Jumatatu asubuhi.

9. Peleka panapostahili

Kama picha inachanganya tu, mwandikie muuzaji kwanza na umpe siku kadhaa. Kama inaweza kumfanya mtu aache dawa au achelewe hospitali, usisubiri: nenda kwa mamlaka husika, na ripoti tangazo kwenye mtandao wenyewe. Tanzania, udanganyifu kwa mlaji unapokelewa pia na Tume ya Ushindani, FCC.

Ukichapisha ukosoaji wako, pigia picha ya tangazo mstari mkubwa wa kukata na uandike "INAPOTOSHA" katikati, juu ya kiini chake. Usiweke neno hilo pembeni. Ukiliweka hapo, picha itakatwa na kusambazwa bila maelezo yako, nawe utakuwa umemtangazia muuzaji bure.

Ukikwama

*Muuzaji anasema, "Mimi mwenyewe nimepona."* Usibishane na mwili wake. Jibu: "Nashukuru umepata nafuu. Swali langu ni kuhusu picha: inawaahidi wote yaliyokupata wewe." Rudi kwenye sentensi.

*Anasema maandishi madogo yapo.* Mtumie ile picha yako ya mbali. Kama hayasomeki mtu alipo, hayajamwonya mtu. Marekani, FTC ilishaliona hili. Mwongozo wake wa 2009 uliacha kukubali kwamba kuandika tu "matokeo si ya kawaida" kunatosha kumwokoa mtangazaji.

*Watu wako wote wameielewa picha vizuri.* Basi achana nayo, au tafuta watu wengine wa rika na kisomo tofauti. Usilazimishe kosa.

*Google Lens haileti kitu.* Hiyo haithibitishi kwamba picha ni halisi. Endelea na hatua ya 5 na ya 7, ukosoaji wako haukutegemea asili ya picha peke yake.

*Ni video.* Isimamishe kwenye sekunde mbili: pale kiungo cha mwili kinapobadilika, na pale bidhaa inapotajwa. Zichambue kama picha mbili. Kisha isikilize bila kutazama. Sauti ya kutuliza ikiwa inasoma madhara huku picha ya watoto wakicheza ikipita, andika hivyo.

*Aliyelituma ni mama mkubwa, kwenye kundi la familia.* Usimjibu mbele ya watu. Mpigie, msalimie, muulize anasumbuliwa na nini hadi tangazo likamgusa. Mara nyingi kuna maumivu ambayo hakuwa ameyasema. Ukishamsikiliza, muulize yale maswali mawili ya hatua ya 4, na mwache yeye aseme picha inaahidi nini.

*Mtu ameshaacha dawa za presha, kisukari au ARV kwa sababu ya tangazo.* Ukosoaji weka kando. Mwambie apeleke kliniki leo dawa zake za zamani pamoja na boksi la hiyo bidhaa mpya, vyote viwili, ili mhudumu aone amekuwa akimeza nini na tangu lini. Asianze kurudisha dozi kwa kukisia. Kama hawezi kwenda mwenyewe, mpeleke.